Zamu ya Idi

Pekalongan,
14 Julai

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Nakuamkia kwa heshima, na kabla ya lolote nauliza hali yako. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko juu? Kaka Prasetya aliniambia kwamba asubuhi hizi umande unaganda shambani, na viazi vya upande wa kisimani vimeungua majani. Naomba usiende kuvitazama kabla jua halijatoka, na soksi nilizokutumia uzivae. Si za kuwekea wageni. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala kiasi, na chumba changu cha kupanga hakijaingiwa na maji ya bahari mwaka huu, ingawa jirani wa mbele yameshamfika kizingitini.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi ilhali tunapigiana simu kila Jumapili. Lakini wewe, Mama, ukipokea simu unaiweka juu ya meza na kufungua sauti yote, na Bi Tumini na dada zake wanaizunguka kama wanaosikiliza taarifa ya habari. Juzi nilipokueleza habari ya kikohozi changu, aliyenijibu ninywe tangawizi alikuwa Bi Tumini. Kwa hiyo naandika. Tafadhali isome peke yako, kwa miwani yako mwenyewe. Usimpe mtu akusomee.

Ulisema kwamba Ijumaa ya wiki ijayo unataka kupika wali wa manjano na kuwaita majirani waombe dua ya shukrani, kwa sababu mwanao amekuwa mkuu wa chumba cha mitambo. Naomba usipike. Nitakueleza kwa nini, na nitaanza mwanzo, maana nimejaribu kuanzia katikati mara nne na karatasi zote nimezichana.

Unajua kampuni yetu inaishi kwa michoro. Batiki wanaitengeneza watu wengi hapa mjini, lakini michoro ya ukoo wa Bu Wulan, mwenye kampuni, ile aliyoianza babu yake, haipatikani kwingine. Ilikuwa kwenye karatasi hadi mwaka ule maji ya bahari yalipoingia ghalani yakakaa wiki mbili. Pak Darsono, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wangu, wakati huo alikuwa mchoraji. Yeye ndiye aliyeokoa kilichobaki. Alizianika karatasi moja moja, akazipiga picha kwa mashine, na palipofutika akapachora upya kwa mkono wake. Ilimchukua miaka minne. Karatasi zenyewe zikaoza. Michoro yote elfu mbili na ushei ikabaki ndani ya seva, ile kompyuta kubwa isiyo na kioo inayokaa chumba cha baridi na kuzihudumia kompyuta nyingine zote za kampuni. Bu Wulan akamkabidhi seva hiyo aitunze, naye akajifunza kazi ya kompyuta akiwa na miaka arobaini na saba. Nilipokuja na shahada yangu alinipokea kwa kicheko, akasema afadhali sasa chumba kina mwenye vyeti, yeye alikuwa na macho tu.

Nakala ya akiba ya michoro ilikuwa kwenye diski moja ndogo. Kila asubuhi Pak Darsono aliichomeka, kila jioni aliichomoa, akaifunga kwa kitambaa na kwenda nayo nyumbani kwa pikipiki. Wanawake wa idara ya nta walikuwa wakimpigia kelele getini, wakimuuliza mke mdogo leo amemvalisha nini. Naye hujibu kwamba huyu wake angalau hanuni. Wakati wa Idi, kampuni inapofungwa siku kumi na kila mtu anakwenda kwao, mmoja wetu lazima abaki mjini kwa zamu. Huja kila siku, huitazama seva, huchomeka diski asubuhi na kuichomoa jioni. Sharti hilo aliliweka Pak Darsono, na miaka yote karibu alilitimiza yeye mwenyewe.

Siku ya kurudi kazini mwaka huu nilifika saa moja asubuhi. Uani walikuwa wameshatandika mikeka, ketupat za wali na kuku wa tui wanashushwa, maana siku ile kazi haianzi mpaka watu wote wapeane mikono na kuombana msamaha. Niliingia chumba cha seva. Mafaili yote ya michoro yalikuwa na majina yaliyokorogwa, na hakuna hata moja lililokubali kufunguka. Palikuwa na ujumbe mmoja kwa Kiingereza, mfupi na wa adabu, ukisema kwamba kila kitu kimefungwa kwa ufunguo walio nao wao, na tuwaandikie kwenye anwani fulani tupatane bei. Niliusoma nimesimama, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

Nikachomoa waya wa mtandao wa seva. Sikuizima, kwa sababu tulifundishwa kwamba ukiizima unafuta nyayo za aliyeingia. Kisha nikakimbia uani kumwambia Bu Wulan kwamba tumeingiliwa na kwamba kompyuta za wachoraji, ambazo zilikuwa zimeshawashwa, lazima nazo zichomolewe sasa hivi. Alikuwa amevaa kebaya mpya ya rangi ya zumaridi. Alinishika kiwiko huku akiendelea kuwatabasamia watu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake ana miaka tisini na moja, ametolewa kitandani ili apeane mikono na watu wake, na kwamba mashine zitangoja. Nikaingia kwenye mstari. Mstari ule hauachwi, Mama, unajua mwenyewe. Ukitoka, kila uliyemruka atauliza una nini naye.

Bi Ngatmi wa idara ya nta alinishika mkono akapiga ukelele, "He! Asih, mkono baridi kama samaki wa barafu! Umeiba nini wewe?" Watu wakacheka. Mwingine nyuma yake akadakia, "Kama ameiba, leo ndiyo siku yake, tunafuta yote, sifuri kwa sifuri!" Nikacheka nao. Nilipomfikia Pak Darsono niliinama nikamwambia maneno ya kila mwaka, anisamehe ya nje na ya ndani. Alinishika kwa mikono yake yote miwili, akasema yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo mwenye mengi ya kusamehewa ni yeye. Mstari ulichukua dakika arobaini. Niliporudi ndani, kompyuta sita za wachoraji nazo zilikuwa zimekwisha.

Saa tano Bu Wulan alituita ofisini kwake, mimi na Pak Darsono. Swali lake la kwanza halikuwa la mitambo. Aliuliza nani alikuwa wa zamu. Karatasi ya zamu ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yake, na jina lililoandikwa lilikuwa langu. Nilifungua mdomo, lakini Pak Darsono akanitangulia. Alisema zamu aliishika yeye. Alisema mtoto huyu hajaenda kwao Idi mbili, akamwambia nenda kamwone mama yako, mimi niko hapa hapa mjini. Alilisema kwa wepesi, kama jambo dogo la kuombea radhi na kulipita. Bu Wulan akauliza diski iko wapi. Diski ilikuwa imechomekwa kwenye seva, na nayo imefungwa kama vitu vingine vyote.

Bu Wulan akamgeukia. "Pak Dar," akamwambia, "miaka yote hii unaichomoa. Watu wanakutania, wewe unaichomoa. Mwaka huu umekuwaje?"

Pak Darsono akatazama mikono yake. Akasema amesahau.

Kesho yake alikuja mtaalamu kutoka Semarang, kijana mmoja aitwaye Gunadi, mpole, mwenye kupenda vitumbua vya uani kwetu. Alikaa siku tatu. Mimi ndiye niliyekaa naye, nikimtafutia anachotaka na kuandika anachosema. Tulisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Ilionekana kwamba siku ya mwisho ya kazi kabla ya Idi, saa tano na dakika kumi asubuhi, mlango wa kuingilia seva kutoka nje ya kampuni, ambao siku zote hufungwa, ulifunguliwa kwa jina la Pak Darsono na kwa neno lake la siri. Baada ya hapo mashine za watu tusiowajua, huko duniani, zilijaribu maneno ya siri maelfu kwa maelfu, usiku na mchana. Alfajiri ya siku ya tatu ya Idi neno moja likakubali. Lilikuwa jina la kampuni na mwaka tu. Gunadi alipangusa vidole akasema hapa hakuna aliyevunja kitu. Mlango uliachwa wazi, na wapita njia wakaingia.

Bu Wulan alitaka kujua kama wezi hao hupunguza bei. Alimwambia Gunadi awaulize bei yao ya mwisho ni ngapi, kama vile yuko sokoni. Tukaandika kwenye anwani ile. Hakuna aliyejibu. Tukaandika tena, tukasema tuko tayari kwa bei yoyote. Siku ya tatu barua zetu zikaanza kurudi. Anwani ilikuwa imeshafungwa. Gunadi akasema yawezekana wamekamatwa, au wamechoka, au wamehamia kwa mwingine, na kwamba ufunguo wetu umekwenda nao. Nilikuwa sijawahi kufikiria, Mama, kwamba mtu anaweza kutamani mwizi arudi.

Ripoti niliiandika mimi, kwa sababu lugha yangu ni nzuri. Niliisoma mbele yao kwa sauti. Nilipofika kwenye mlango uliofunguliwa, Pak Darsono aliinua macho. Hilo alikuwa halijui. Alinitazama mara moja tu, bila ukali, kama mtu anayejumlisha upya hesabu aliyodhani ameimaliza, kisha akatazama dirishani. Bu Wulan akamwambia kuna mambo mawili tu: ama ni uvivu, alitaka kushika zamu akiwa amelala kwake, ama ameuza michoro ya babu yake. Akamwomba achague. Pak Darsono akasema ni uvivu.

Alifukuzwa siku ileile, mwaka mmoja na nusu kabla ya kustaafu, bila kiinua mgongo. Polisi walimwita mara tatu na simu yake bado wanayo. Katika makundi ya simu ya watengeneza batiki wa mji huu anaitwa muuza michoro, na msikitini kwao, nimeambiwa, amehamia safu ya nyuma karibu na mlango. Mimi nikapewa kiti chake. Hicho ndicho cheo unachotaka kukipikia wali.

Tumejaribu kuokoa, usidhani tumekaa. Wanawake walileta nguo zao za zamani kutoka masandukuni, hata kanga za kubebea watoto, tukazipiga picha. Lakini nguo iliyofuliwa miaka ishirini haisemi mstari ulianzia wapi. Wachoraji vijana wanabishana kama ua lina petali saba au nane. Mtu mmoja tu angeweza kuitazama nguo hiyo na kuichora upya kwa kumbukumbu, na jina lake halitajwi tena ndani ya geti. Tumerudisha michoro tisini na mitatu. Idara ya mihuri ya kuchapia michoro inafanya kazi siku mbili kwa wiki, na Bi Ngatmi ameanza kuuza vitumbua uani.

Sasa, Mama, yote niliyoandika mpaka hapa ni kweli kama yalivyoonekana mbele za watu. Naomba ukae kabla ya kuendelea.

Pak Darsono hakunipa ruhusa. Hakubadilishana nami zamu. Zamu ilikuwa yangu, niliikubali kwa mdomo wangu, na kwa ajili ya zamu hiyo alinipa neno lake la siri, likitokea la kutokea. Lakini wiki ile ulinipigia simu ukalia. Sikutupii lawama, ulilia kama mama yeyote angelilia baada ya Idi mbili. Mimi ndiye niliyekata simu nikawaza kwamba nimesoma, ninajua njia, na kwamba sharti la kukaa na mashine siku kumi ni la mzee aliyejifunza kompyuta ukubwani. Ndivyo nilivyowaza hasa. Nikafungua mlango ule wa nje kwa jina lake, kwa kuwa jina langu halina ruhusa, ili niweze kuitazama seva nikiwa kwako. Diski nikaiacha imechomekwa, kwa kuwa hakuna atakayekuwepo wa kuichomoa. Chumba nikakifunga, na ufunguo nikaja nao huko kwenye mkoba wangu. Sikumwambia mtu.

Siku ya pili ya Idi nilifungua kompyuta juu ya benchi la jikoni, nawe ukawaambia wageni wamtazame binti wa Wonosobo, hata Idi anachapa kazi. Nilikuwa naitazama seva. Ilikuwa nzima. Siku ya tatu sikuitazama, kwa sababu tulikwenda makaburini kwa Baba.

Mstari ule wa saa tano na dakika kumi niliuona kabla ya Gunadi, mchana wa siku ya kwanza. Siku tatu nilikaa ubavuni mwake nikimgojea aufikie, na alipoufikia nikaandika jina la Pak Darsono kwa kalamu yangu. Alipodanganya kwa ajili yangu alidhani ananifichia utoro. Hakujua anavaa na lile lingine, la mlango. Alipolijua alikuwa ameshasema mbele ya mwajiri wake kwamba zamu ilikuwa yake, na angeweza kulitoa shingoni kwa kulirudisha kwangu, na hakulirudisha. Alinipa nafasi nilichukue mwenyewe. Ukimya ule wa dirishani ulikuwa nafasi yangu. Nimeuhesabu mara nyingi. Ulitosha kusema sentensi mbili.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Bu Wulan nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ripoti ina sahihi yangu na yake, imeshafika polisi na kwa wanunuzi, na wanunuzi wamekubali kubaki kwa sababu mkosaji amepatikana na ameondoka. Tukisema leo kwamba tulimwonea, nani atatuamini kwa lolote tena? Akaniuliza kama nataka awafukuze na wale mia na arobaini waliobaki ili moyo wangu utulie. Akaniambia nenda kanawe uso. Nilikwenda pia polisi. Afisa alisema malalamiko ni ya kampuni, na mwenye kampuni ndiye wa kuyabadili. Akanishauri nisijitafutie makuu.

Jumamosi iliyopita, saa tisa mchana, nilikwenda nyumbani kwa Pak Darsono. Pikipiki ilikuwepo na ndani nilimsikia akikohoa. Mke wake alisimama mlangoni akasema Bapak, mumewe, hayupo. Nikamwambia nimekuja kukiri. Akasema wanajua. Siku ya pili ya Idi, akasema, mumewe alinipelekea ketupat ofisini ili zamu isiwe ya upweke, akakuta chumba kimefungwa, na mlinzi akamwambia nimeondoka kitambo. Alikula chakula hicho na mlinzi akarudi. "Akaniambia, mtoto amemkumbuka mama yake, mke wangu, usimwambie mtu. Basi sikumwambia mtu." Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba nisije tena. "Yeye hana hasira nawe. Hasira ninazo mimi, na mlango ni wangu." Akaufunga taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Kwa hiyo mwenye kampuni hautaki ukweli wangu, serikali haiutaki, na aliyeumizwa nao amekwisha kuujua na haumsaidii kitu. Kila asubuhi nakaa kwenye kiti chake. Sijaacha kazi, kwa kuwa nikiacha, Bu Wulan amesema atamweka mtu asiyejua hata hiyo michoro tisini na mitatu imehifadhiwa wapi. Sijui kama hiyo ni sababu au ni kisingizio. Zamani niliweza kutofautisha.

Limebaki jambo moja ambalo lipo mikononi mwako peke yako. Asubuhi ya Idi nilipiga magoti mbele yako, nikaweka paji la uso mapajani mwako, ukaweka mkono kichwani pangu ukasema umenisamehe yote, unayoyajua na usiyoyajua. Mlango ule ulikuwa wazi siku ya tatu wakati huo, na ufunguo wa chumba ulikuwa kwenye mkoba, hatua mbili kutoka tulipokuwa. Nilijua, na nikaupokea msamaha wako. Naomba uuchukue tena, Mama. Usinipe mwingine badala yake. Nataka pawepo angalau mtu mmoja duniani ambaye sikumwibia.

Msalimie Kaka Prasetya, mkewe na watoto, na Bi Tumini mwambie kikohozi kimepona. Funga madirisha mapema jua likishuka. Nakubusu mikono yako yote miwili.

Mwanao,
Kinasih